Mbwa anayenisikia ndani ya geti tu: kasoro iko kwa mbwa, kwa zawadi au kwa mwenye mbwa?

#1 · Mkazi wa Goba

Wakuu, salaam. Nina mbwa dume wa miezi tisa. Mama yake ni wa kienyeji, baba yake ni German Shepherd. Ndani ya ua anakaa, analala, anasubiri hata bakuli likiwa mbele yake, na anakuja nikimwita mara moja. Tukishavuka geti, hayo yote yanafutika. Kuku wa jirani wakipita, bodaboda ikinguruma au mbwa mwingine akibweka nyuma ya ukuta, huyu wangu anakuwa kiziwi. Ninamnyooshea dagaa wale wale aliokuwa akiwagombania dakika chache kabla, naye anageuzia pua upande wa pili.

Dai langu, ambalo naomba mlipinge kwa hoja, ni kwamba kufundisha kwa chakula ni kazi ya uani tu. Barabarani kuna vitu vitamu kuliko chochote kilicho mfukoni mwangu, na sioni nitashindana navyo vipi. Wanaofanikiwa, nashuku, wamebahatika kupata mbwa waliozaliwa watulivu.

#2 · Banda la Nyuma

Mkuu, dagaa mkavu ambaye mbwa wako anamkuta kila siku ndani ya ugali wake hawezi kuitwa zawadi. Hiyo ni haki yake ya kila siku. Mimi huchemsha maini au mapafu ya ng'ombe, nikayaanika kidogo ili yasichafue mfuko, kisha nikayakata vipande visivyozidi ukubwa wa punje ya harage. Vipande hivyo havionekani ndani ya ua hata siku moja. Vinatoka tukishavuka geti. Tena simtoi mbwa aliyetoka kula. Jaribu hayo kabla hujalaumu ukoo wake.

#3 · Pwani Huru

Fuga paka, mkuu. Paka hasikii ndani wala nje, kwa hiyo hakuna tofauti itakayokunyima usingizi.

#4 · Askari wa Zamu

Nimeongoza mbwa kazini kwa miaka mingi na napingana na #2. Mbwa wa kazi hafundishwi kufuata tumbo. Angalieni mbwa wanaonusa pembe za ndovu na magamba ya kakakuona katika bandari na viwanja vya ndege vya ukanda huu, wakiwamo wale wa mradi wa shirika la uhifadhi la African Wildlife Foundation ulioanza mwaka 2014 na kuwafundishia Usa River, Arusha. Mbwa wa aina hiyo hulipwa kwa mchezo wa mpira. Anapita katikati ya makontena, foko na makuli wanaopigiana kelele, na macho yake hayahangaiki, kwa sababu kichwani mwake kuna mpira tu.

Hata hivyo mleta uzi ana haki katika jambo moja: mbwa hao huchaguliwa. Asiye na uchu wa mpira hapokelewi hata awe mzuri wa sura kiasi gani. Kwa hiyo tabia ya kuzaliwa ina nafasi yake. Mnunulie mpira mwekundu, unaoonekana vizuri kwenye majani, na dagaa uwaachie wanaokula ugali.

#5 · Daktari wa Mifugo

Mkuu wa #4, suala la kuchagua mbwa umelieleza vizuri, lakini rangi ya mpira hapana. Jicho la mbwa lina aina mbili tu za seli za kutambua rangi, wakati la binadamu lina tatu. Mbwa hutofautisha vizuri buluu na njano, ila nyekundu na kijani kwake hukaribiana mno. Mpira mwekundu kwenye majani mabichi unauona wewe, yeye anautafuta.

Kwa mleta uzi, mimi nashuku umri kabla ya kitu kingine. Mwaka 2020 watafiti wa Uingereza walichapisha uchunguzi wa mbwa waliokuwa wakilelewa ili baadaye waongoze wasioona. Walipofikisha miezi 8, mbwa hao waliipuuza amri ya kukaa iliyotolewa na mlezi wao zaidi ya walivyoipuuza wakiwa na miezi 5, ilhali amri hiyo hiyo ikitolewa na mtu baki hawakuonyesha kushuka huko. Mbwa wako wa miezi tisa yuko katikati ya kipindi hicho.

Pamoja na hayo, naomba masikio yake yaangaliwe, na kupe na minyoo pia. Mbwa mwenye maumivu ya sikio anaweza kufanya vizuri kwenye ua tulivu anaoujua kwa mazoea, akaonekana mkaidi penye kelele. Usimtoe saa sita mchana vilevile. Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni kama nyuzi 38.3 hadi 39.2 za Selsiasi, na njia yake kuu ya kujipoza ni kuhema. Mbwa anayehema kwa nguvu, ulimi ukining'inia, hana nafasi ya kutafuna maini wala ya kukusikiliza. Weka mgongo wa kiganja chako juu ya lami. Ukishindwa kuuacha hapo, mrudishe nyumbani.

#6 · Askari wa Zamu

Daktari, mpira wa buluu nimeupokea. Lakini mbwa wangu walikuwa wakiupata ule mwekundu kwa pua, na kule kuutafuta ndiko kulikokuwa kunawafunga akili. Mpira unaoonekana mara moja unaisha utamu mapema.

#7 · Mkazi wa Goba

Nawashukuru. Daktari, masikio yaliangaliwa wakati wa chanjo na yako salama. Suala la umri limenishtua, kwa sababu mdogo wangu alipokuja likizo kutoka Singida alimwambia mbwa huyu "kaa" kandokando ya barabara, akakaa, nami nimesimama hapo hapo nikiwa nimempigia kelele hadi nimechoka. Je, nisubiri ujana upite, au nitakuwa nimepoteza muda?

#8 · Kijana wa Kihonda

Usisubiri. Mimi ninaishi Morogoro, mji ambao watu wa shirika la APOPO wanafundishia panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine. Panya hajafugwa na binadamu kwa maelfu ya miaka kama mbwa, wala hana sababu ya kumpenda mkufunzi wake, lakini anatembea kwenye uwanja wa wazi, chini ya anga lenye mwewe, na kazi anaifanya. Mmoja wao, Magawa, alipewa nishani ya dhahabu na PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama, mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia.

Tazameni mpangilio wa mafunzo yao. Kwanza panya anajifunza kwamba mlio wa "klik" wa kidude kinachobonyezwa maana yake ni ndizi. Kisha anajifunza harufu, ndani, mahali patulivu. Baadaye ndipo anapelekwa kwenye udongo, na mwisho uwanjani akiwa amefungwa kwenye kamba kati ya watu wawili. Kazi hiyo huchukua takriban miezi 9, na hatua hairukwi. Mleta uzi ametoka uani akaingia moja kwa moja kwenye barabara yenye kuku na bodaboda. Mimi sioni kasoro ya kuzaliwa hapo, wala sioni ujana. Naona ngazi iliyokosa vidato vya katikati.

Faida ya ule mlio ni kwamba unamwambia mnyama ni tendo gani hasa limelipwa. Mbwa akigeuza shingo kukutazama, nawe ukachelewa kwa sababu unapekua mfuko, akipata kipande atakuwa tayari anatazama kuku. Umemlipa kwa kutazama kuku.

#9 · Pwani Huru

Kwa hiyo Morogoro panya anasikia na Goba mbwa hasikii. Naanza kuamini shida ni maji ya Dar es Salaam.

#10 · Binti wa Chumbageni

Nasoma kwa makini, na nataka kuongeza jambo ambalo huku pwani watu hulisahau kwa kuwa mbwa hawazungumzwi sana. Katika Surat al-Maida, aya ya 4, imehalalishwa nyama ya windo lililokamatwa na mnyama aliyefundishwa. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yetu wengi wa pwani, wakaweka masharti ya kumjua aliyefundishwa: akitumwa aende, akizuiwa azuilike, akikamata asile, na mambo hayo yajirudie hadi yaaminike. Someni sharti la pili kwa utulivu. Mnyama yuko mbioni, windo liko mbele yake, damu imemchemka, na sauti ya mwenyewe inatakiwa imsimamishe. Hakuna bodaboda inayoshinda hapo. Na sharti la mwisho linafunga mdomo wa anayesema "ananisikia" kwa sababu alimsikia mara moja uani.

Babu yangu mzaa mama alikuwa msasi, akiwinda nguruwe pori waliokuwa wakila mihogo ya watu. Hakuwa na maini mfukoni wala mpira. Mbwa mdogo alitoka na mbwa wakubwa, akajifunza kwamba anayemsikiliza mzee ndiye anayefika penye windo. Kwa maoni yangu mbwa wa geti hana kazi yoyote na mwenyewe. Anafungwa mchana kutwa, anafunguliwa usiku, kisha anatolewa barabarani mara moja kwa juma, na tunashangaa kwamba macho yake yanataka kuona kila kitu kwa pupa.

#11 · Askari wa Zamu

Maneno ya #10 nayaunga mkono, hasa hilo la kuzuilika. Lakini kuzuilika hakuji kwa kubembeleza. Kamba fupi, mkono mmoja thabiti, na mvuto mmoja wa ghafla anapopuuza. Anapokutazama, msifu. Mbwa akijua kwamba kupuuza kuna gharama, atakuangalia.

#12 · Mama wa Nyali

Natofautiana nawe, kaka. Nimelea mbwa waliookotwa mitaani hapa Mombasa, na jambo la kwanza utakaloliona kwao ni hili: inama tu kuokota kitu. Hata kama ulichoangusha ni kipande cha nyama chake mwenyewe, ataporomoka tumbo chini, masikio yamelala, au atakimbia hadi kamba iishe, kwa sababu kila aliyeinama mbele yake maishani alikuwa anaokota jiwe. Mbwa wa namna hiyo anakutazama sana, tena bila kupepesa, lakini anautazama mkono wako ajue utamfanya nini. Ukimvuta shingo kila anapoona mbwa mwenzake, atahesabu kwamba maumivu yameletwa na yule mbwa, na safari ijayo atamrukia kabla hujamvuta.

Mleta uzi, naomba unijibu: nani mwingine hapo nyumbani anamwita, na anamwita vipi?

#13 · Mkazi wa Goba

Dada, anaitwa Bosi. Watoto wanamwita kutwa nzima, msichana wa kazi anamwita kumfukuza jikoni, na jirani anamwita akipita kwa kumtania. Mimi husema "njoo", watoto husema "hapa".

#14 · Pwani Huru

Umempa mwenyewe cheo cha Bosi, kisha unalalamika kwamba hapokei maagizo?

#15 · Mama wa Nyali

Hapo pana sehemu ya jibu. Sauti inayosikika mara mia kwa siku bila kuleta chochote inakuwa kelele za nyumbani, na kelele za nyumbani hupuuzwa. Chagua neno moja la kumwita, jipya kabisa, litumike na wewe peke yako, na lisitamkwe kamwe bila kufuatwa na kitu anachokipenda. Usilitumie kumwingiza bandani wala kumkatiza mchezo.

#16 · Banda la Nyuma

Pavlov, yule mwanasayansi wa Urusi, alipata Tuzo ya Nobel kwa jambo hilo hilo, kuunganisha mlio wa kengele na chakula, basi tusibishane na sayansi. Ila nyote mmesahau kanuni ya pili, iliyochunguzwa sana na mwanasaikolojia Skinner: malipo yasiyotabirika hushikilia tabia kuliko malipo ya kila mara. Mwanzoni lipa kila tendo; likishakaa, lipa safari hii, ruka ile, kisha siku moja mmwagie vipande vitano kwa pamoja. Mmeona vijana wanavyosimama kwenye mashine za kubahatisha na sarafu zao za mia mbili? Hakuna anayewasumbua wakageuka.

#17 · Daktari wa Mifugo

Sahihisho dogo: Pavlov alipewa Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake wa fiziolojia ya umeng'enyaji wa chakula. Habari za mate kutoka kabla ya chakula kufika alizipata katika kazi hiyo, akaziendeleza, lakini tuzo haikutolewa kwa kengele. Hoja ya malipo yasiyotabirika ni sahihi, kwa sharti kwamba usiikimbilie kwa mbwa ambaye nje ya geti bado hajalipwa hata kidogo.

#18 · Niko Hamburg

Salaam kutoka Ujerumani. Huku Hamburg sheria inataka mbwa atembezwe kwa kamba, na anayetaka msamaha wa kamba hupeleka mbwa wake kwenye mtihani wa utii, kwa hiyo suala hili la kumshikilia mbwa mbele ya vishawishi ni la mkate wa kila siku.

Nakubaliana na #8 kuhusu ngazi, lakini hakusema vidato vinapimwaje. Vinapimwa kwa umbali. Tafuta mahali ambapo Bosi anawaona kuku na bado anakubali kula. Ikiwa anakataa maini anayoyapenda, uko karibu mno. Rudi nyuma hadi mdomo ufunguke, ufundishie hapo, kisha usogee polepole. Usiongeze mambo mawili kwa mpigo: ukisogea karibu na kuku, punguza muda unaomtaka akae, ukitaka akae muda mrefu, rudi mbali. Funga kamba ya mita 10 kwenye mkanda wa kifuani, isiwe shingoni, maana akichomoka kwa kasi kamba ikafika mwisho ataumia shingo. Usitumie manila tupu, itakuchuna viganja.

Dai la #1 kwamba hatuwezi kushindana na barabara lina jibu la mwanasaikolojia Premack, aliyeonyesha tangu mwaka 1959 kwamba tendo ambalo kiumbe analipenda zaidi linaweza kuwa malipo ya tendo analolipenda kidogo. Mbwa wako anatamani kunusa ile nguzo ya umeme? Vizuri. Akikutazama, mwambie "nenda", mkimbie pamoja hadi kwenye nguzo, anuse atosheke. Pua yake ina vipokezi vya harufu zaidi ya milioni 100, wakati yetu ina kama milioni 5 au 6. Badala ya kushindana na nguzo hiyo, iwe sehemu ya mshahara wako.

#19 · Askari wa Zamu

Na kuku je? Atamlipa mbwa kwa kumruhusu akamate kuku wa jirani?

#20 · Niko Hamburg

Hapana, mkuu. Kuku anabaki kuwa jambo la umbali na kamba. Kila kitu anachoruhusiwa kukifikia ndicho kitakachogeuzwa malipo.

#21 · Mkazi wa Goba

Nimejaribu pendekezo la #18 jioni hii, baada ya jua kupungua. Kwenye uwanja wa shule, karibu na goli la mbali, Bosi alikuwa anawaona kuku na anakula maini bila wasiwasi. Tulipofika usawa wa kibanda cha mkaa, mdomo ulifunga. Nilimsogezea kipande hadi kikagusa mdomo. Kilidondoka chini, naye hakuinamisha hata kichwa. Niliporudi nyuma hatua chache alikuja mwenyewe, akakitafuta kile kilichodondoka. Mpaka uko pale pale kwenye kibanda, waziwazi kabisa.

Lakini sasa sielewi. Kama ni ujana, kwa nini unaanzia kwenye kibanda cha mkaa? Na kama ni zawadi dhaifu, kwa nini zawadi hiyo hiyo inatosha mita chache nyuma?

#22 · Daktari wa Mifugo

Moja haliondoi jingine. Mbwa kijana mpaka wake huwa mbali zaidi na kishawishi kuliko wa mbwa mzima. Umri unaweza kuusogeza mpaka, mafunzo nayo yanaweza kuusogeza. Ni kipi kimeusogeza kwa Bosi hatuwezi kukisoma hapa kwenye maandishi.

#23 · Binti wa Chumbageni

Nami nasema ni kazi. Mbwa wa babu hakuwa na kibanda cha mkaa.

#24 · Askari wa Zamu

Jamani, mnazungumzia maini kana kwamba mbwa hana kazi ya ulinzi. Wezi wa huku kwetu hutanguliza nyama yenye sumu juu ya ukuta. Mbwa aliyezoeshwa kwamba chakula hutoka mikononi mwa watu wakati wowote, mahali popote, ndiye wa kwanza kufa. Hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kupenda mpira, na hakuna aliyeijibu.

#25 · Mama wa Nyali

Inajibika. Mbwa anaweza kufundishwa kwamba kilicho chini hakiguswi bila ruhusa, na kwamba akikiacha atapata kilicho bora kutoka mkononi mwa mwenyewe. Ni zoezi hilo hilo la kishawishi, ila kishawishi chenyewe ni nyama.

#26 · Daktari wa Mifugo

Nimewatibu mbwa waliokula sumu ya namna hiyo, na si wote nilifanikiwa kuwaokoa. Zoezi la #25 hupunguza hatari bila kuimaliza, kwa kuwa nyama ya usiku humkuta mbwa akiwa peke yake, hakuna wa kumwambia "acha" wala wa kumlipa. Mlishe ashibe kabla hujamfungulia usiku, na asubuhi kagua ukuta wote kwa ndani kabla watoto hawajatoka.

#27 · Askari wa Zamu

Kwa hiyo Daktari ananiunga mkono.

#28 · Daktari wa Mifugo

Sikusema hivyo. Mbwa anayefundishwa kwa mpira naye hula nyama.

#29 · Kijana wa Kihonda

Njia ya kujua ni kumpima akiwa peke yake. Mwenyewe ajifiche pasipoonekana wala kunuswa, upande upepo unakoelekea, na mtu asiyejulikana arushe kipande kisicho na madhara juu ya ukuta. Mbwa akikiacha mwenyewe akiwa hayupo, na hilo likajirudia kama lilivyo sharti katika #10, hapo tutazungumza.

#30 · Mkazi wa Goba

Niko tayari. Nani yuko Goba au Madale, ambaye Bosi hajawahi kumwona, aje Jumamosi jioni arushe hiyo nyama?

#31 · Pwani Huru

Nitakuja mimi. Nyama nunua wewe, iwe steki kilo nzima, na usinihoji nikirusha nusu.